Jicho Lisilotazama Peke Yake

Uwezo wa binadamu wa kuona kwa undani umefungiwa mahali padogo mno. Katikati ya retina, utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, kuna kishimo kiitwacho fovea, chenye upana wa takriban milimita moja na nusu, na ni hapo tu ambapo seli zinazotambua rangi na mistari myembamba zimesongamana kiasi cha kumwezesha mtu kusoma maandishi, kuutambua uso wa mwenzake ng'ambo ya barabara au kutia uzi kwenye tundu la sindano. Eneo la dunia linaloangukia kwenye kitovu cha kishimo hicho kwa wakati mmoja halizidi sana upana wa ukucha wa kidole gumba mkono ukiwa umenyooshwa mbele, na kila kilicho nje ya eneo hilo huonekana kwa ukungu unaozidi kadiri kinavyokaa pembeni. Hata hivyo hakuna anayeishi akihisi kwamba dunia yake ina ukungu, kwa sababu ubongo huihamisha fovea kutoka mahali hadi mahali mara tatu hivi katika kila sekunde ya kuwa macho, na kazi hiyo, ambayo kwa siku moja hufanyika zaidi ya mara laki moja, hupita bila mwenyewe kuwa na habari nayo.

Jambo hili halikuanza kufikiriwa juzi. Ibn al-Haytham, mwanazuoni mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Cairo mwanzoni mwa karne ya 11, alieleza katika Kitab al-Manazir kwamba kitu kinachoukabili mhimili wa jicho ndicho kinachoonekana kwa uwazi zaidi, na kwamba mwenye kutaka kukijua kitu kwa ukamilifu hana budi kuupitisha mhimili huo juu ya sehemu zake, moja baada ya nyingine. Hakuwa na habari ya fovea, tena aliamini, kama wengi wa zama zake, kwamba kiungo kinachohisi mwanga kimo sehemu ya mbele ya jicho, lakini alikuwa amekwisha kushika kiini cha suala lenyewe: kuona ni kutenda, na jicho lililotulia tuli huona machache kuliko linavyodhaniwa.

Ilichukua zaidi ya miaka mia nane kabla ya tendo hilo kuchunguzwa kwa vipimo. Mwishoni mwa miaka ya 1870, katika maabara ya daktari wa macho Louis Émile Javal mjini Paris, ilibainika kwamba macho ya msomaji hayatelezi juu ya mstari, bali huruka na kutua, kisha huruka tena. Mruko huo ndio unaoitwa sakadi hadi leo. Sakadi kubwa huweza kupita kasi ya nyuzi 500 kwa sekunde, mwendo ambao, kama ungeendelea, ungelizungusha jicho mzunguko mzima na zaidi kabla sekunde moja haijaisha, na katika muda huo mfupi wa kuruka ubongo hupunguza usikivu wake kwa yale yanayopita kwenye retina. Msomaji mwenye kioo anaweza kulithibitisha hilo mwenyewe: akiyatazama macho yake kiooni, akahama kutoka la kushoto kwenda la kulia, hatayaona yakisogea hata kidogo, ilhali aliyesimama kando yake huuona mwendo huo wazi kabisa. Benno Erdmann na Raymond Dodge waliliandika jambo hilo mwaka 1898, na bado linamshangaza kila anayelijaribu kwa mara ya kwanza.

Lakini jicho halikai hewani. Limewekwa ndani ya tundu la fuvu, na fuvu limewekwa juu ya shingo, na hapo ndipo suala linapoanza kuwa zito. Jicho la mtu mzima lina kipenyo cha takriban milimita 24 na uzito usiofika gramu kumi, na linavutwa na misuli sita iliyo miongoni mwa misuli yenye kasi kubwa kuliko yote mwilini. Kichwa kina uzito wa kilo nne hadi tano, na misuli ya shingo inayokigeuza ni mingi, ya urefu na pembe tofauti, huku mingine ikivuka pingili kadhaa za uti wa mgongo. Jicho linaweza kugeuka ndani ya tundu lake hadi nyuzi 50 hivi kila upande, lakini katika maisha ya kawaida halipendi kukaa huko ukingoni: mtu akihamisha mtazamo wake kwa nyuzi chache humaliza kazi kwa jicho peke yake, na umbali unapozidi nyuzi 20 hivi kichwa huanza kuchukua sehemu yake inayozidi kukua. Watu hutofautiana sana katika jambo hili. Wapo wanaogeuza kichwa kwa kila kitu, na wapo wanaokiacha kichwa kimetulia huku macho yakienda pembeni kabisa, na tofauti hiyo huwa ni tabia ya kudumu ya mtu, mithili ya mwandiko wake.

Kwa mtazamo hapa inakusudiwa mahali hasa ambapo fovea imelenga duniani, na mahali hapo hupatikana kwa kujumlisha vitu viwili: jicho limegeuka kiasi gani ndani ya kichwa, na kichwa kimegeuka kiasi gani katika nafasi. Hesabu hii ni nyepesi kuiandika, lakini inamdai ubongo usimamie kwa pamoja viungo viwili vyenye uzito, kasi na uchelewaji tofauti kabisa, ili jumla yao ifike mahali palipotakiwa pasipo kupitiliza wala kupungua. Ugumu haukomei hapo, kwa kuwa ndani ya kichwa hichohicho kumejengwa utaratibu mwingine ambao kazi yake ni kuzuia jumla hiyo isibadilike.

Utaratibu huo unaweza kuonwa kwa dakika moja. Msomaji akishika ukurasa mbele yake na kuutikisa kulia na kushoto mara mbili au tatu kwa sekunde, maandishi yatachanganyika na hayatasomeka. Akiuacha ukurasa umetulia na kukitikisa kichwa chake kwa kasi ileile, maandishi yatabaki yamesimama na yatasomeka bila taabu. Mwendo wa ukurasa mbele ya kichwa ni uleule katika hali zote mbili, ila katika ya kwanza ubongo unakikimbiza kitu kwa kutegemea macho, ambayo taarifa zake huchelewa, na katika ya pili unaongozwa na sikio. Ndani ya kila sikio, ndani zaidi ya ngoma na vile vijifupa vya kusikia, kuna mifereji mitatu ya nusu duara iliyojaa kiowevu na kupangwa katika pande tatu za nafasi; kichwa kinapogeuka, kiowevu hubaki nyuma kidogo, vinyweleo vya seli vilivyomo humo hupinda, na ujumbe hutumwa kwenye shina la ubongo, ambako huyageuza macho kuelekea upande wa pili kwa kasi sawa na ile ya kichwa. Njia hiyo, katika umbo lake fupi kabisa, ina seli tatu tu za neva, kama Rafael Lorente de Nó alivyoonyesha mwaka 1933, na kwa hiyo mwitiko huanza katika takriban sehemu moja ya mia ya sekunde. Huu ni mwitiko usiongoja hiari, yaani refleksi, na hapa utaitwa refleksi ya sikio na jicho.

Bila refleksi hiyo hakuna anayeweza kutembea na kuona kwa pamoja, kwani kila hatua hukitikisa kichwa. Lakini manufaa yake ndiyo yanayozaa kitendawili. Ikiwa kila mgeuko wa kichwa hujibiwa na mgeuko wa jicho ulio sawa nao na kinyume chake, basi mtu anaweza kugeuza kichwa chake kutwa nzima na mtazamo wake usihame hata uzi mmoja. Mtu anayeitwa kutoka nyuma ya bega lake la kushoto anahitaji kichwa kiende kushoto na macho yaende kushoto pamoja nacho, ilhali sikio lake la ndani, kwa uaminifu wake wote, linayaamuru macho yaende kulia. Namna ubongo unavyolitatua shauri hili ndiyo sehemu ya somo hili inayostahili kufikiriwa kwa kina kuliko zote, na inasikitisha kwamba kwa muda mrefu sayansi yenyewe ilijinyima nafasi ya kuliona.

David Ferrier, daktari wa Uingereza aliyechochea gamba la ubongo la nyani kwa umeme katika miaka ya 1870, aliripoti kwamba sehemu fulani ya mbele ikiguswa, macho hufunguka wazi, mboni hupanuka, na macho pamoja na kichwa hugeukia upande wa pili. Aliona tendo moja, kamili, la kiumbe kinachoelekea jambo. Waliomfuata walitaka vipimo sahihi zaidi, na vyombo vya kupima mwendo wa jicho havikuvumilia kichwa kinachosogea, hivyo kichwa kilifungwa: anayechunguzwa aliuma kibao kilichochongwa kufuata meno yake au akawekewa kidevu na paji la uso kwenye fremu, na mnyama alikazwa kichwa kwa chuma. Elimu kubwa ilipatikana kwa njia hiyo, na hakuna sababu ya kuidharau, lakini kizazi baada ya kizazi cha watafiti walijifunza kulitazama jicho kama kiungo kinachotenda peke yake, na sehemu za ubongo zikapewa sifa ya kuongoza macho kwa sababu tu shingo haikuruhusiwa kujibu.

Shingo ilipofunguliwa, mengi yalibadilika. Mwaka 1971 Emilio Bizzi, Ronald Kalil na Vincenzo Tagliasco walichapisha vipimo vya nyani walioachwa huru kugeuza vichwa kuelekea taa iliyowaka pembeni. Kwa anayetazama, jicho hutangulia na kichwa hufuata, na ni rahisi kudhani kwamba ubongo huamuru jicho kwanza na kukumbuka kichwa baadaye. Lakini umeme wa misuli ulionyesha kwamba amri za shingo hutolewa karibu wakati uleule na amri za macho, na kichwa huonekana kuchelewa kwa sababu tu ni kizito na misuli yake huchukua muda kuusukuma uzito huo. Jicho huruka na kufika kwenye taa, kisha kichwa kinapoendelea kuja, refleksi ya sikio na jicho hulirudisha jicho pole pole katikati ya tundu lake, kwa kipimo kilekile ambacho kichwa kinaongeza, hivyo mtazamo hubaki palepale ulipotua. Hata kichwa kilipozuiwa ghafla katikati ya safari, jicho lilifika mahali pake, kwa kuwa sehemu ambayo kichwa kingechangia haikuja na refleksi haikuwa na cha kutoa. Kulikuwa na uzuri mkubwa katika maelezo haya, kwa kuwa yaliiacha refleksi ifanye kazi muda wote na kuufanya ubongo usihitaji kujua lolote kuhusu kichwa.

Uzuri huo ulitosha kwa mihamo midogo na ya wastani, si kwa mikubwa. Iwapo lengo liko nyuzi 80 pembeni, jicho haliwezi kulifikia peke yake hata likienda ukingoni mwa tundu, na kama refleksi ingebaki macho wakati kichwa kinakuja, safari isingekamilika. Mwaka 1986 V. P. Laurutis na David Robinson walitumia koili ya waya mwembamba iliyovaliwa juu ya jicho ndani ya uga wa sumaku, mbinu ambayo Robinson mwenyewe aliibuni mwaka 1963 na ambayo hupima pembe ya jicho kwa usahihi mkubwa hata kichwa kikiwa huru. Waliwaomba watu wahamishe mtazamo kwa pembe kubwa, na katikati ya mwendo wakakisukuma kichwa bila kutarajiwa. Jicho, ambalo wakati wowote mwingine lingejibu msukumo kama huo mara moja, halikujibu. Refleksi ilikuwa imezimwa. Mwaka uliofuata Daniel Guitton na Michel Volle walichapisha matokeo yanayokaribiana na hayo kuhusu malengo yaliyo ndani na nje ya uwezo wa jicho kugeuka.

Kilichofuata katika jaribio la Laurutis na Robinson kina uzito kuliko kuzimwa kwenyewe. Ingawa kichwa kilikuwa kimesukumwa na refleksi ilikuwa imelala, mtazamo ulifika kwenye lengo bila kukosea, kwa kuwa mwendo wa jicho ulirefushwa au kufupishwa kulingana na kile msukumo ulichoongeza au kupunguza. Maana yake ni kwamba ubongo haukuwa umefunga masikio. Ulikuwa ukiendelea kupokea habari za mwendo wa kichwa kutoka kwa mifereji ileile ya sikio, lakini ulikuwa umezihamishia kazi nyingine: badala ya kuzitumia kuuzuia mtazamo usihame, ulizitumia kuhesabu mtazamo umebakiza umbali gani kufika. Habari ni moja, chombo ni kimoja, na katika sehemu ya kumi ya sekunde maana yake hugeuzwa kutoka breki kuwa kipimo cha safari, kisha mtazamo unapotua breki hurudi papo hapo ili kichwa kinachoendelea kujongea kisiuharibu. Wengi husifu kasi ya jicho, na kasi hiyo inastahili sifa, ila palipo na ustadi zaidi ni hapa, katika kujua ni lini mlinzi mwaminifu aambiwe apumzike.

Amri yenyewe hutoka wapi? Sehemu iliyochunguzwa kuliko nyingine ni kolikulasi ya juu, jozi ya vilima vidogo kwenye paa la ubongo wa kati, ambamo seli zimepangwa kama ramani ya mielekeo: upande wa kushoto huhusika na malengo ya kulia na wa kulia na ya kushoto, mbele kukiwa na mihamo midogo na nyuma mikubwa. Nyani aliyefungwa kichwa akichochewa mahali fulani kwenye ramani hiyo hutoa sakadi ya jicho, na kwa miaka mingi ilisemwa kwamba hii ni ramani ya miruko ya macho. Edward Freedman, David Sparks na wenzao walipoichochea katika nyani walio huru kugeuza vichwa, miaka ya 1990, ilitokea mihamo kamili ya mtazamo, macho na kichwa pamoja, na jumla yake ilibaki karibu ileile hata mgawanyo kati ya jicho na kichwa ulipotofautiana sana kutegemea jicho lilianzia wapi ndani ya tundu lake. Kolikulasi hutaja mahali pa kufika, na suala la nani achukue sehemu gani ya safari huachiwa ngazi za chini.

Ngazi hizo zimo katika shina la ubongo, na hapa inatosha kuzipitia kwa haraka. Katika sehemu ya kati ya shina hilo, iitwayo ponsi, kuna seli zinazolipuka kwa mfululizo mkali wa ishara ili kulitupa jicho upande. Nyingine hulishikilia lilipofika, kwa sababu tishu za tundu la jicho hulivuta kurudi katikati muda wote. Na kundi dogo la tatu hutoa ishara bila kukoma wakati jicho limetulia na kunyamaza kabisa wakati wa sakadi, kana kwamba ukimya wake ndio ruhusa. Serebela, sehemu ya ubongo iliyo kisogoni, huvirekebisha vipimo vya wote hawa kila siku, na ndiyo sababu mtu aliyepata miwani mipya yenye lenzi nene huyumba kwa muda kisha akazoea.

Ikiwa ubongo hupanga mtazamo na si jicho, basi jicho lisiloweza kusogea halipaswi kuuzuia mpango huo usitekelezwe. Mwaka 1997 Iain Gilchrist, Valerie Brown na John Findlay walieleza kisa cha mwanafunzi wa chuo kikuu huko Uingereza ambaye macho yake, kwa ugumu wa misuli aliozaliwa nao, hayakuwahi kusogea. Mtu angetarajia kwamba mwanamke huyo angekitelezesha kichwa chake polepole juu ya vitu, kwa kuwa kichwa ni kizito na mwendo wa kuteleza ungekiwia mwepesi. Vipimo vilionyesha kwamba kichwa chake kiliruka na kutua, kiliruka na kutua, kikisoma mstari kwa sakadi za shingo na kutulia baina yake kama macho ya wengine yanavyotulia. Kisa kama hicho kina nguvu ya ushahidi kuliko majaribio mengi, kwa kuwa kinaonyesha kwamba mruko na mtuo si matokeo ya wepesi wa jicho, bali ni njia ya ubongo ya kuiendea dunia, ambayo hutafuta kiungo chochote kilicho tayari kuitumikia.

Katika shughuli za kila siku njia hiyo hutangulia mikono. Michael Land na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex waliporekodi macho ya watu wanaotengeneza chai, waliona kwamba mtazamo hufika kwenye birika, kikombe au kijiko takriban nusu sekunde kabla ya mkono kukigusa, na mara nyingi huondoka kuelekea kitu kinachofuata kabla mkono haujamaliza. Mwili, kichwa na jicho hugeuka kwa zamu zinazopishana, na kila kimoja hukipunguzia kingine umbali wa kusafiri. Yapo pia mazingira ambamo mtu hutenganisha kwa makusudi vitu ambavyo ubongo wake huviunganisha: kijana mwenye adabu mbele ya wazee humwelekeza mtu kichwa na kuinamisha macho, na anayetaka kuona pasipo kuonwa akiona humtupia mwenzake jicho la pembeni huku kichwa kikielekea kwingine. Uwezo huo wa kuficha hutegemea juhudi, na kila aliyejaribu kumtazama mtu kwa pembe ya jicho kwa muda mrefu anaijua taabu yake.

Nyuma ya haya yote kuna swali lililomshughulisha Hermann von Helmholtz katika karne ya 19: kwa nini dunia haionekani kuruka kila mara jicho linaporuka, ilhali mtu akilisukuma jicho lake taratibu kwa kidole juu ya kope, dunia huonekana kusogea? Jibu lililopata nguvu mwaka 1950, kwa kazi za Erich von Holst na Horst Mittelstaedt upande mmoja na za Roger Sperry upande mwingine, ni kwamba ubongo unapotoa amri kwa misuli hujitumia wenyewe nakala ya amri hiyo, na kwa nakala hiyo hutenganisha mwendo ulioutaka na mwendo uliouvamia. Jambo hilo hutokea pia kwa kichwa. Jefferson Roy na Kathleen Cullen, wakirekodi seli za nyani katika kituo cha shina la ubongo kinachopokea habari za sikio la ndani, walionyesha mwaka 2004 kwamba kundi fulani la seli hujibu kwa nguvu kichwa kikigeuzwa na mwingine, na mwitiko wake hupungua sana mnyama akikigeuza mwenyewe, mradi shingo imejibu kama ilivyotarajiwa. Dereva wa basi katika barabara ya milimani hupatwa na kichefuchefu kwa nadra kuliko abiria waliokaa nyuma yake, ingawa kona ni zilezile, kwa kuwa yeye anaijua kila kona kabla ya mwili wake kuipata.

Thamani ya upatanifu huu hudhihirika unapovunjika. Mwaka 1952 daktari mmoja wa Marekani, aliyejitambulisha kwa herufi za mwanzo tu za jina lake, alieleza katika jarida la New England Journal of Medicine jinsi sindano za streptomaisini alizotibiwa zilivyoua vinyweleo vya masikio yake yote mawili. Alipotembea, nyuso za watu na maandishi ya barabarani yalirukaruka mbele yake, ikambidi asimame ndipo amtambue mtu. Na alipolala kitandani kusoma alilazimika kukibana kichwa baina ya vyuma viwili vya kichwani pa kitanda, kwa kuwa mapigo ya moyo wake peke yake yalitosha kuzitikisa herufi. Hakuna maelezo ya maabara yanayoonyesha kwa ukaribu kama haya kazi ambayo refleksi ile hufanya kila mpigo wa moyo. Dawa hiyo iliokoa maisha ya wengi mno. Majaribio yaliyofanyika katika hospitali za Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambayo yalisaidia kufupisha matibabu ya kifua kikuu hadi miezi sita, yaliitumia kila siku. Kwa hiyo katika ukanda huu wapo waliopona kifua na kubaki na dunia inayotikisika, na malalamiko ya mgonjwa kwamba vitu vinacheza anapotembea yanastahili kusikilizwa kwa makini, si kuitwa udhaifu au woga.

Wapo pia wanaonyimwa upande mwingine. Katika mwaka huohuo wa 1952 David Cogan wa Boston aliwaeleza watoto wasioweza kuanzisha kwa hiari sakadi za kulia na kushoto, ambao hata hivyo waligundua wenyewe njia ya kuzunguka upungufu wao. Mtoto anayetaka kutazama kitu kilicho kuliani hukirusha kichwa kulia kwa nguvu. Refleksi huyapeleka macho kushoto hadi ukingoni mwa tundu, na yakishafika huko hayana pa kwenda zaidi, hivyo kichwa huyakokota kupita lengo mpaka yatue juu ya kitu. Ndipo kichwa hurudi taratibu, na refleksi ileile iliyokuwa kizuizi sasa huyashikilia macho pale pale. Asiyejua huona mtoto mwenye kurusharusha kichwa ovyo. Anayejua huona utatuzi wa kihandisi uliofanywa na mtoto ambaye hakuna aliyemfundisha.

Elimu hii imewapa madaktari kipimo kisichohitaji chombo chochote, nacho kilielezwa mwaka 1988 na Michael Halmagyi na Ian Curthoys huko Sydney. Mgonjwa huambiwa akaze macho kwenye pua ya daktari, na daktari hukishika kichwa chake kwa mikono miwili na kukigeuza kidogo kwa ghafla, nyuzi kumi au ishirini tu, upande asiotarajia. Sikio likiwa zima, macho hubaki puani kana kwamba hakuna kilichotokea. Likiwa limekufa upande huo, macho huchukuliwa na kichwa, kisha huonekana yakiruka kurudi, na mruko huo mdogo wa kujirekebisha ndio dalili. Mwaka 2009 Jorge Kattah, David Newman-Toker na wenzao walionyesha kwamba kwa mtu aliyepatwa ghafla na kizunguzungu kikali kisichokoma, kipimo hiki pamoja na vingine viwili vya macho, vikifanywa na daktari aliyefundishwa vizuri, hutambua kiharusi cha sehemu ya nyuma ya ubongo kwa uhakika kuliko picha ya MRI iliyopigwa mapema, jambo lenye uzito wa pekee katika hospitali ambako mashine hiyo iko umbali wa siku nzima ya safari. Na matokeo yake husomwa kinyume cha matarajio ya wengi: mgonjwa anayetapika na kuyumba, ambaye macho yake huruka kurudi puani, mara nyingi ana ugonjwa wa sikio, lakini yule ambaye macho yake yanabaki puani bila kasoro, ilhali dunia yote inamzunguka, ndiye ambaye daktari hapaswi kumruhusu arudi nyumbani.